Kadi Sita za Bibi Karani

Jumatatu, 2 Machi

Sauti iliyonibaki masikioni ni ya mlango wa gari. Mke wa rais wa misheni aliniteremsha hapa jana, mimi na sanduku na baiskeli, akanikumbatia kwa uangalifu nisimchafue, akarudi ndani, na mlango ukajifunga: pu. Sauti nene, laini, kama ya jokofu lililojaa. Gari likaondoka na ubaridi wake. Nikabaki kwenye tope.

Nyumba ni vyumba viwili. Ukuta wa upande wa kitanda changu umeota ukungu wa kijani, na ukiugusa unabaki kidoleni. Choo kinamwagiwa maji kwa kopo, na kopo lenyewe lina utelezi. Huu ni mwezi wangu wa saba wa umisionari kati ya kumi na minane, na mwenzangu mpya yuko kwenye wa kumi na saba. Kanuni ni kwamba hatuachani: tunalala chumba kimoja, tunatoka pamoja, tunarudi pamoja. Nimepangiwa kuishi na mtu anayekata kucha za miguu kitandani. Kipande kimoja kiliruka kikatua kwenye mto wangu. Hakukiona. Mimi sikuona kitu kingine.

Kila sentensi yake ina neno "lengo". Lengo la wiki, lengo la siku, lengo la kabla ya kifungua kinywa. Humu daftarini nitamwita Dada Lengo.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza rasmi. Sketi ndefu na baiskeli hazipatani. Unaikunja upande, unaibana kwa kibanio cha nguo, na bado gurudumu linaitafuta. Leo liliipata. Nilisimama katikati ya barabara nimenaswa kama kuku aliyefungwa mguu, na lori la mchanga likapita likanirushia tope mpaka kwenye meno. Lina ladha ya chuma na mafuta ya injini, na kitu kingine ambacho sitaki kukijua.

Fundi baiskeli wa njia panda alinikatia upindo kwa mkasi wenye grisi.

"Dada zangu Wamormoni," alisema, "huyo Mungu wenu hana hata pikipiki ya kuwaazima?"

"Anatupima imani," Dada Lengo akamjibu, uso mkavu.

"Basi mnyororo huu umefeli."

Nilicheka. Njiani Dada Lengo aliniambia kwamba kicheko changu kimetupotezea mtu.

Alhamisi, 5 Machi

Milango kumi na tisa. Mwanamume mmoja alitusikiliza dakika kumi huku akichokonoa sikio kwa ufunguo, kisha akautazama ufunguo.

Jumamosi, 7 Machi

Tumekaribishwa. Naandika neno hilo polepole, maana ni mara ya kwanza tangu nije.

Ni nyumba ya kona, nyuma ya ghala la saruji. Aliyefungua ni bibi mwembamba, mgongo umenyooka, miwani imefungwa kwa uzi. "Ingieni, ingieni, ninyi ndio wageni wangu wa kwanza leo." Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaapisha mashahidi, akipiga chapa kila neno lililosemwa, akitunza mafaili. Binti yake anashona sare kiwandani, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Jirani huchungulia mchana. Dada Lengo alimweleza habari njema na bibi akasikiliza kama mtu anayechukua maelezo, vidole vikigonga meza. Mwisho akasema, "Shauri limeeleweka. Endeleeni kesho."

Dada Lengo alipiga kengele ya baiskeli njia nzima kurudi nyumbani.

Jumanne, 10 Machi

Tumerudi kwa Bibi Karani. "Ninyi ndio wageni wangu wa kwanza leo." Tulirudia somo la kwanza kwa sababu alitaka kulisikia tena. Dada Lengo anasema hiyo ni njaa ya roho. Hata mimi niliguswa. Milango yote hii wanatufungia, halafu mtu mmoja anaomba kusikia mara mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Soksi zangu zinanuka kama kitu kilichokufa chini ya kabati. Zote, hata zilizofuliwa.

Jumapili, 15 Machi

Bibi Karani amekuja kanisani; tulimpitia nyumbani, binti yake yuko zamu. Kiongozi wa tawi aliposimama mbele, naye akasimama, mikono ubavuni. Kiongozi akakaa, naye akakaa. Akainuka kutangaza wimbo, bibi huyo wima tena. Nyuma yetu mama mmoja akanong'ona, "Tazameni heshima hiyo! Vijana wetu wako kwenye simu."

Kwenye maombi ya kufunga ibada aliniuliza sikioni, "Hukumu wanasoma leo au wameahirisha?"

Nilidhani ananitania. Nilicheka, naye akacheka.

Jioni Dada Lengo aliripoti hesabu za wiki kwa simu kwa kiongozi wa kanda, kijana wa miaka ishirini ambaye kanuni inatutaka tumwite Mzee. Masomo, milango, waliohudhuria ibada: mmoja. Sauti ya Dada Lengo aliposema "mmoja" ilikuwa ya mtu anayelamba kijiko.

Alhamisi, 19 Machi

Lazima niandike hili vizuri.

Leo lilikuwa somo la kuacha chai, kahawa, pombe na tumbaku. Bibi Karani alikubali papo hapo. "Chai? Naiacha. Mimi nikitoa neno, nimetoa." Dada Lengo akaandika: ameahidi. Bibi akainuka, akaenda jikoni, akarudi na vikombe vitatu vya chai.

"Kunyweni, wageni wangu. Ninyi ndio wa kwanza leo."

Juu ya kikombe changu kulikuwa na utando, na ndani ya utando mdudu mwenye mabawa, bado anajaribu kutoka. Dada Lengo alisubiri bibi ageuke, akamwaga vikombe vyote dirishani, na cha kwake, na changu, na cha bibi mwenyewe. Kisha akavirudisha mezani. Bibi alivitazama. "Mmemaliza? Hongereni." Akaenda kuongeza.

Tukiwa tunafungua minyororo ya baiskeli nilisema, "Dada, yule bibi anasahau."

"Sisi sote tunasahau. Ndiyo maana tunarudiarudia."

"Amesahau ndani ya dakika tano."

"Shetani ana haraka kwa walio karibu kuingia," alisema, akapanda baiskeli. Alikuwa na tope limekauka kwenye kona ya mdomo na sikumwambia.

Jumanne, 24 Machi

Tarehe ya ubatizo imewekwa: Jumamosi, 11 Aprili. Kabla ya hapo Mzee wa kanda atamhoji peke yake, maswali sita ambayo yanajulikana. Tulijaribu kumzoeza. Swali la kwanza alilijibu vizuri. La pili akajibu la kwanza. La tatu akauliza sisi ni wa chama gani.

Dada Lengo alianza kung'ata ngozi ya kidole gumba mpaka damu. Sikuweza kutazama. Nadhani nilisema nilichosema ili aache.

"Anasoma vizuri," nilisema. "Ukimpa maandishi anayasoma bila kukwama. Tumwandikie."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazo ni langu. Nilikata boksi la sabuni, nikaandika kadi sita kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu ambao walimu walikuwa wanausifu. Bibi Karani alizishika kama faili na kuzisoma kwa sauti ya mahakama, kila nukta mahali pake. Ya mwisho inasema: "Ndiyo. Niko tayari, kwa hiari yangu."

"Safi sana!" Dada Lengo alinishika bega. "Nilijua umeletwa hapa kwa sababu."

Nilijisikia fahari. Naliandika hilo pia, lisije likapotea.

Jumatano, 25 Machi

Pancha mbili. Fundi anasema tairi langu limebaki kwa jina tu.

Jumamosi, 28 Machi

Tulimkuta Bibi Karani amesimama katikati ya sebule, amejikojolea. Kanga imemganda miguuni, maji yamefika kwenye mkeka. Alikuwa akilitazama lile dimbwi kwa hasira ya mtu aliyekuta ofisi yake imechafuliwa. "Nani alipewa zamu ya usafi leo?"

Dada Lengo alirudi nyuma mpaka mlangoni, kiganja puani. Mimi nilikwenda, si kwa wema, ni kwa sababu mtu alipaswa kwenda. Nilimvua, nikamsafisha kwa maji ya ndoo. Ngozi ya mapaja yake ni nyepesi kama karatasi iliyolowa, na harufu ilinipanda mpaka nyuma ya macho. Nilitapika kidogo, nikameza. Yeye alisimama wima, akinitazama kichwani.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Hapana, Bibi."

"Usinifiche. Wamekuleta uchukue nafasi yangu. Mbona hukusema?"

Nikiwa bado nimepiga magoti binti yake akaingia. Umeme ulikatika kiwandani wakawaachia mapema. Ni mwanamke mnene, mchovu, nyuzi za buluu zimemganda nyweleni. Nilitegemea atatufukuza. Alichukua kitambaa mkononi mwangu.

"Acha, mdogo wangu, hii ni kazi yangu. Jirani aliniambia kuna wasichana wa kanisa wanakaa na Mama. Nikasema Mungu awabariki, maana mimi mtu wa kumwachia sina."

"Tunampenda sana," Dada Lengo alisema akiwa mlangoni.

"Asante. Ila msimchukulie maneno yake. Baba alifariki mwaka wa nne huu, na kila jioni ananiuliza mbona amechelewa. Nikimwambia ukweli analia upya. Siku hizi namwambia yuko njiani."

Mimi niliutazama mkeka. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema: dada, tuna tarehe, tuna kadi, tutamtia mama yako majini. Dada Lengo alisema tu, "Tutazidi kumtembelea," na mimi nikasema, "Ndiyo, dada."

Jumatatu, 30 Machi

Siku ya kufua. Nilimngoja Dada Lengo mpaka mikono yake iko kwenye povu, asiweze kuondoka, kisha nikamfungulia kitabu cha maagizo na kumsomea. Mafundisho yetu wenyewe yanasema asiye na uwezo wa kuelewa hadaiwi ubatizo. Bibi amekwisha kuokoka bila sisi. Hatuna tunachomwongezea.

"Wewe daktari?" aliuliza.

"Binti yake ametuambia."

"Binti yake hajaombwa kufanya mahojiano. Mzee wa kanda ndiye atakayepima. Kazi yetu ni kumfikisha."

"Tunamfikisha na majibu mkononi."

"Majibu ameandika nani?"

Akaendelea kusugua kola. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Miezi kumi na saba. Unajua nimebatiza wangapi? Hakuna. Hata mmoja. Mama yangu amekwisha kutangaza kanisani kwetu nitarudi na ushuhuda wa kuwatoa watu machozi. Nitasimama pale niseme nini? Niseme nilipanda baiskeli?"

Kamasi zilimtiririka zikaingia kwenye povu. Nilimhurumia, na hapohapo nilichukizwa naye, na kuchukizwa kulikuwa kukubwa zaidi. Baba yangu naye ni kiongozi wa tawi letu. Naye amekwisha kutangaza. Nilifunga kitabu nikaenda kuanika.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua siku ya nne. Konokono kwenye mswaki wangu. Sikupiga hata kelele.

Jumanne, 7 Aprili

Mazoezi ya kadi. "Ninyi ndio wageni wangu wa kwanza leo." Nimeanza kuichukia sentensi hiyo, na nikiichukia najichukia, maana ndiyo kitu pekee katika mji huu tunachoambiwa kwa upendo.

Alhamisi, 9 Aprili

Mzee wa kanda amekuja, suruali imelowa mpaka magotini, shingo ina chunusi. Bibi Karani alimtazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mzee? Wazee wameisha?"

"Ni cheo, Bibi," nilisema.

"Cheo! Mjukuu wa jirani anamzidi ndevu."

Sisi tulikaa kibarazani, wao sebuleni. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila swali kwa sauti yake ya haraka, maana wingu lilikuwa linajikusanya na ana kilomita kumi na mbili za kurudi. Nikasikia kila jibu. Bibi alisoma kadi kwa mpangilio, hakukosea hata moja. Dada Lengo alikuwa amefumba macho, midomo inafuatisha.

Mzee alitoka anang'aa. "Dada zangu, sijawahi kuhoji mtu aliyejiandaa hivi. Ameketi akaandika majibu yake yote kabla! Na mwandiko ule, mtu wa umri wake!"

Dada Lengo aliniangalia. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, fupi: ule mwandiko ni wangu. Nikasema, "Mvua itakukuta njiani, Mzee."

Imenibidi niinuke nikanawe mikono kabla ya kuandika mstari huu.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo nzima naiandika, hata kama itachukua kurasa zote zilizobaki.

Asubuhi tulijaza birika la ubatizo. Liko nyuma ya kanisa, limejengwa kwa saruji na kupakwa rangi ya samawati, na pampu imekufa tangu kabla ya Krismasi. Maji ni ya tangi la mvua, kwa ndoo. Nilihesabu safari tisini na moja kisha nikaacha kuhesabu. Ni ya kahawia. Yanaelea majani, mbu wachanga wanajikunja na kujikunjua, na chura mmoja ambaye Dada Lengo alimtoa kwa dekio akisema, "Wewe hujahojiwa." Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akitania. Alikuwa na furaha. Mikono ilitoka malengelenge na alikuwa anaimba.

Mchana tukapeleka nguo nyeupe ajaribishe. Ni gauni refu la pamba, la kanisa, limevaliwa na wengi na lina harufu ya wote. Nililikunjua mbele ya Bibi Karani. Alilitazama kwa muda mrefu. Vidole viliacha kugonga meza.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, Bibi," Dada Lengo alisema. "Ni nguo yako ya kesho."

"Yangu?"

"Ndiyo, yako. Umependeza tayari!"

Bibi Karani aliivuta miwani karibu. Sijawahi kumwona akiwa makini hivyo, kama alivyokuwa labda siku za kesi nzito.

"Basi aliyefariki ni mimi," alisema. Hakulia. Aliuliza tarehe. Akasema iandikwe vizuri, watu huwa wanakosea tarehe halafu familia inasumbuka. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka na akanigeukia mimi, si Dada Lengo, mimi. "Binti yangu ameshaambiwa? Ana kazi leo. Msimwambie kazini, mwacheni amalize zamu."

Dada Lengo alikuwa ameshapekua kadi. Aliitafuta ya sita akaiweka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayempa mtoto pipi.

"Soma hii, Bibi. Utajisikia vizuri."

Naye akasoma. Mtu aliyeamini amekufa, mikono inatetemeka, akanyoosha mgongo na kusoma herufi zangu nzuri kwa sauti ya mahakama: "Ndiyo. Niko tayari, kwa hiari yangu."

Dada Lengo alisema amina.

Nimechukizwa na mengi msimu huu. Ukungu, kucha, soksi, chai. Nilidhani karaha ni kitu kinachotoka nje kuja kwangu, na kwamba mimi ni mtu safi niliyewekwa mahali pachafu. Leo nimetazama mwandiko wangu mwenyewe mkononi mwa mtu anayetetemeka, na hakuna kitu katika nyumba hizi zote kilichonitia kichefuchefu kama duara la herufi yangu "o".

Nililikunja gauni. Nikamwambia, "Bibi, hujafa. Nimekosea mimi. Samahani." Akanishika shavu. Dakika tatu baadaye alikwenda kutuchemshia chai.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeshafanya. Ninaandika nikiwa kwenye benchi la nyuma ya kanisa, saa tatu asubuhi. Ubatizo ulikuwa uwe saa nne.

Saa kumi na mbili na robo nilichukua simu chini ya mto wa Dada Lengo, nikaenda uani, nikampigia rais wa misheni. Nilimwambia kwamba bibi haelewi, kwamba tuliambiwa na tukanyamaza, kwamba zile kadi zilizomdanganya Mzee wa kanda niliziandika mimi na wazo lilikuwa langu. Akasema ubatizo hautafanyika na atakuja Jumatatu kutusikiliza wote wawili. Akauliza kama ninaelewa kwamba huenda nikarudishwa nyumbani. Nikasema ninaelewa. Baba atasimama mbele ya tawi atafute maneno.

Niliporudi ndani Dada Lengo alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amesikia. "Ungeningojea niondoke," alisema. "Wiki tatu tu."

"Bibi asingeweza kungoja."

"Asingekumbuka hata!"

"Najua. Sisi tungekumbuka."

Alinigeuzia mgongo. Nikapanda baiskeli peke yangu, bila mwenzangu, nikivunja kanuni ya kwanza kabisa, nikaenda nyumba ya kona nikamwahi binti kabla hajatoka. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama mvuani. Alinisikiliza huku anafunga vifungo vya sare yake.

"Kwa hiyo siku zote hizo," alisema, "mlikuwa mnamkalia Mama kama kuku anavyokalia yai. Mimi nawaombea dua, ninyi mnangoja lianguliwe."

"Ndiyo, dada."

"Toka kibarazani kwangu."

Nilitoka. Nilikuwa nimeshashika usukani aliponiita tena, sauti bado ya hasira. "Na Jumanne nani atakaa naye?" Sikuwa na haki ya kujibu, na huenda Jumanne nitakuwa kwenye basi la kurudi kwetu. Nikamwambia sijui.

Kisha nikaja hapa. Nilipiga magoti ukingoni mwa birika, nikakunja mkono wa blauzi, nikauingiza mpaka begani kwenye maji yale ya kahawia na wadudu wake, nikapapasa sakafu mpaka nikakipata kizibo. Nikakivuta. Dada Lengo alipofika, amelowa, pumzi juu, gauni jeupe likiwa limefungwa kwenye karia la baiskeli, maji yalikuwa yamebaki ya kufika vifundoni.